Mwantumu na Maneno ya Mzee Waitara

Ukitaka kumkasirisha Mwantumu, mwambie kazi yake ni kubonyeza vitufe tu. Nilimwambia hivyo siku moja kwa utani, akaninunia mpaka nikampelekea chapati. Studio yake na kibanda changu cha kushonea vimetenganishwa na ukuta wa bati hapa Nyamongo, kwa hiyo nayajua mambo yake kuliko ndugu zake walioko Tarime mjini. Kila kinachosemwa upande ule kinanifikia, na sioni haya kusema kwamba nasikiliza.

Yeye ni mtu wa video za harusi. Babu yake, fundi seremala, alikuja Tarime kutoka Tanga, akaoa hapa, akazikwa hapa. Mwantumu alijifunza kamera Mwanza, kisha rashi ya dhahabu ilipofumuka Nyakunguru, hapa jirani, na watu wakamiminika kuchimba, akahamia huku, maana kijana akitoka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, na mawe mazuri, jambo la kwanza ni kuoa, na la pili ni kutaka ukoo mzima umwone akioa. Mwantumu akawa anawapa wanachotaka: bibi harusi anatokea ndani ya ua la waridi, jina la bwana harusi linameremeta, mioyo myekundu inaruka juu ya ng'ombe wa mahari. Mimi humcheka kwa ile mioyo. Yeye hunijibu, "Shamsia, mteja akitaka moyo, mpe moyo."

Kitu kingine walichotaka wateja ni muziki. Hotuba za wazee hakuna aliyezitaka. Mzee akishika kipaza sauti na kuanza kutaja mababu, Mwantumu alikuwa akiikata sauti yake, au akiishusha, na kuweka wimbo juu. Ukitazama video za harusi za huku kwetu utaona wazee wanafumbua midomo na kufumba, na wimbo wa mapenzi ndio unaotoka. Hata wazee wenyewe hawakulalamika. Walikuwa wakijitazama walivyopendeza ndani ya makoti.

Basi, Bhoke aliolewa na Wangwe, kijana wa Nyakunguru, na harusi yao alipiga Mwantumu. Jioni ile baba mkwe, Mzee Waitara, alisimama mbele ya watu akawagawia wanawe ardhi, na kila mmoja akatakiwa kuitikia kwamba amesikia, kama ilivyo desturi ya ukoo wao. Miaka ikapita, mzee akafariki. Kisha duara likamfukia Wangwe, na Bhoke akabaki na watoto kwenye shamba la kando ya mto. Hakukuwa na maneno, mpaka watu walipoanza kunong'ona kwamba mwamba wa dhahabu unapita chini ya mihogo yake. Hapo ndipo shemeji yake, Heche, alipokumbuka kwamba baba yao hakulitoa lile shamba, alimwazima tu Wangwe alime.

Wazee wa ukoo wakakaa, wakasikiliza pande zote. Waliokuwa harusini wengine walikuwa wameshakunywa, wengine walikumbuka hivi, wengine vile, na wachache walioikumbuka vizuri walimwogopa Heche. Mzee Nchagwa, mkubwa wao, akakata maneno. "Siku ile kulikuwa na kamera. Jumamosi tutakwenda kwa huyo mama wa video tumsikie Waitara mwenyewe. Asiposikika, shamba ni la Heche."

Bhoke alikuja na DVD yake ya harusi ameikumbatia. Tukaiweka. Mzee Waitara akatokea, koti la kijivu, mkono juu, mdomo unakwenda, na wimbo unaimba asali na maua. Bhoke akajishika kichwa.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekwambia, dada. Nilisema hao wazee waondoe, uweke muziki."

Ni kweli alisema. Nilikuwa namshonea gauni siku hiyo na nilimsikia. Lakini nani atamlaumu bibi harusi kwa kupenda muziki?

Mwantumu akamtuliza. Akamweleza kwamba kwenye DVD kila kitu kimeshapikwa pamoja, lakini kwenye mashine yake sauti na wimbo kila kimoja kina mstari wake. Akiifungua kazi yenyewe, atautoa wimbo abaki mzee. "Nenda nyumbani, mama," akamwambia. "Kesho uje usikie."

Kesho hiyo haikufika vizuri. Watu wa uwanja wa nyuma walikuwa wamefunga karasha ya kusagia mawe, wakaiunganisha kwenye laini yetu ya umeme bila kuuliza mtu. Walipoiwasha, taa zilififia, zikawaka kupita kiasi, na kutoka upande wa pili wa bati nikasikia mlio mfupi na harufu ya plastiki. Mwantumu hakupiga kelele. Nilipoingia nilimkuta ameiwekea mashine mkono juu, kama mtu anayempima mtoto homa.

Fundi Muzamil alitoka Tarime akaifungua. Imeungua yote, hata diski yake ya ndani. Salama yetu ilikuwa ni kwamba picha za harusi na kazi zake Mwantumu aliziweka kwenye diski ya nje, ile ndogo ya kuchomeka. Vipuri vya mashine kama ile havipatikani tena, hivyo ikabidi kompyuta mpya. Ikaja, nyeusi, nyembamba, inang'aa. Mwantumu aliitazama kama anavyotazamwa mke mwenza.

Muzamil akaweka CD ya programu ya zamani. Mashine ikakataa. Akaweka tena. Ikakataa.

"Dada Mwantumu, kompyuta za siku hizi hazipokei hii program," akasema. "Lazima uhamie toleo jipya."

"Mimi sitaki jipya. Nataka la kwangu. Vidole vyangu vinalijua hata nikifumba macho."

"La kwako limekufa na mashine yake, dada."

"Basi zicheze hizo picha hivyo hivyo, bila program."

Akajaribu. Picha zile zilihifadhiwa kwa namna ya programu ile ile ya zamani, na kompyuta mpya haikutambua hata moja. Muzamil akamwambia kwamba toleo jipya la programu hiyo huwa linaweza kufungua kazi za zamani. Huwa. Mimi neno hilo silipendi, na niliona Mwantumu naye limemkaa vibaya.

Toleo jipya nalo likataka mtandao ndipo likubali kuamka. Mtandao wetu unajulikana. Simu ya Muzamil ikafungwa kwa uzi juu ya dirisha, sisi tukikodolea kimstari kinachosogea, kikisimama, kikianza upya. Bhoke alikuja kila siku, akakaa kwenye benchi langu bila kuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Na Heche naye akaja. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, na upole wake ndio unaotisha. Alisalimia vizuri, akaitazama mashine iliyoungua pale sakafuni.

"Pole sana, dada. Vitu vya umeme ndivyo vilivyo. Vikiharibika si kosa la mtu, na hakuna atakayekulaumu."

"Asante, kaka," Mwantumu akasema.

"Wewe hapa ni mgeni wetu. Tunakupenda. Harusi zetu zote unapiga wewe." Akatabasamu. "Usiingie kwenye ugomvi wa mtu na ndugu yake."

Alipoondoka, Mwantumu alikuja upande wangu akakaa kati ya vitambaa. "Naogopa, Shamsia," akaniambia. "Nikisema imeshindikana, nani atajua? Imeshindikana kweli mpaka sasa." Nilikuwa naogopa vilevile, na Heche ni mteja wangu wa suruali. Nilikanyaga cherehani nisisikie moyo wangu.

Jumamosi asubuhi programu ikakubali. Tulishangilia kidogo tu, maana wazee walikuwa wameshaanza kuingia, tukabaki kuwaamkia shikamoo mmoja mmoja. Viti havikutosha. Mzee Nchagwa na wenzake ikabidi wakae kwenye kochi la kupigia picha maharusi, lile la kitambaa cha dhahabu, nyuma yao pazia jeupe na maua ya plastiki, fimbo zao katikati ya magoti. Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Heche alikaa ukingoni mwa kochi, Bhoke akasimama mlangoni.

Mwantumu akachomeka diski ya nje. Ikatoa mlio: tik, tik. Muzamil akakunja uso.

"Diski inakufa," akamnong'oneza. "Tukinakili kwanza, inaweza isimalize. Tukifungua moja kwa moja, program itaibadilisha kazi iwe ya kisasa, na ikiharibikia humo hairudi nyuma. Chagua wewe."

"Kuna shida gani?" Heche akauliza.

"Hakuna shida, kaka," Mwantumu akasema, na akafungua moja kwa moja.

Kioo kikauliza kama ana hakika. Akakubali. Kimstari kikaanza kutembea, diski ikilia tik, tik, na mtu mmoja kwenye kochi akakohoa. Kimstari kikasimama. Kikakaa pale mpaka Bhoke akageuka akatazama barabarani. Kisha kikaruka, na ile harusi ikafunguka.

Lakini ilikuwa harusi gani! Mioyo hakuna, maua hakuna, majina ya dhahabu yamekuwa miraba myeusi. Programu mpya haikuyajua mapambo ya zamani. Na kwenye mstari wa wimbo paliandikwa kwamba wimbo haupo, maana nyimbo zote zilikuwa ndani ya mashine iliyoungua. Mwantumu akasogeza picha hadi kwa Mzee Waitara. Mzee akainua mkono, mdomo ukaenda, na kimya kabisa.

"Hakuna kitu," Heche akasema taratibu. "Wazee wangu, tumewasumbua bure."

Niliuona mgongo wa Mwantumu ukikakamaa. Ninajua alichokuwa anawaza, kwa sababu nami nilikiwaza. Hotuba nyingine alizikata, nyingine alizishusha tu, kutegemea haraka ya siku hiyo. Aliyekatwa hayupo tena. Aliyeshushwa yupo chini, anangoja. Na yeye hakukumbuka Mzee Waitara alimfanyia lipi.

Akahangaika kutafuta sauti zilipo kwenye hii programu mpya. Vitu vyote vilikuwa vimehama. Alibonyeza hapa, ikafunguka rangi. Akabonyeza kule, picha ikapinduka. Muzamil akanyoosha kidole, Mwantumu akakisukuma. "Niache," akasema. Mzee Nchagwa alikuwa ameshaishika fimbo yake kama mtu anayetaka kusimama. Ndipo Mwantumu akaupata, uzi mwembamba wa sauti umelala chini kabisa. Akaukamata. Akavaa vipaza sauti vya masikioni, akauinua polepole.

Alisikiliza peke yake kwanza. Nilimtazama uso, sikuona kitu. Sijawahi kumwona mtu amekaza uso namna ile. Kisha akavua vipaza sauti, akarudisha picha nyuma, na akafungua spika kubwa.

Sauti ya Mzee Waitara ikajaa chumba. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na nyuma yake watoto wakilia na sufuria zikigongana. Mzee mmoja kwenye kochi akasema "Eee!" akafumba macho. Waitara alisema kwa Kikurya, na mimi niliyezaliwa Tarime nakuandikia kwa Kiswahili. Alitaja mababu zake, akachukua muda wake wote, na safari hii hakuna aliyetaka muziki. Kisha akasema:

"Shamba la mtoni nampa Wangwe na huyu binti aliyeletwa leo. Simwazimi, nampa. Wangwe akitangulia, ni la huyu binti na watoto atakaozaa. Asije mtu akamtoa pale na mimi nikiwa ardhini. Heche, wewe ndiye mkubwa. Mura, kijana wangu, umesikia?"

Kamera ikageuka kumtafuta Heche. Akaonekana kijana, mwembamba, amefunga tai, anafumbua mdomo ajibu. Na hapo hapo Mwantumu akabonyeza, picha ikasimama.

Sikumwelewa. Muzamil naye alimwangalia kwa mshangao. Jibu la Heche lilikuwa limebaki kidogo tu, yeye amelisikia, angeliachia likamalize kazi. Lakini Mwantumu alikuwa ameitoa mikono kwenye mashine, akaiweka mapajani. Hakumtazama Heche. Aliogopa, lakini hakubonyeza tena.

Wazee wakaelewa kabla yangu. Hakuna aliyesema iendelee. Mzee Nchagwa alikiangalia kile kioo, kijana mwenye tai na mdomo wazi, kisha akamgeukia polepole mtu mzima aliyekaa ukingoni mwa kochi. Wengine nao wakageuka. Nje karasha ilikuwa inasaga, na kwa mara ya kwanza nilitamani isinyamaze, maana ingenyamaza tungesikiana tunavyopumua.

Heche alikuwa anaitazama picha ya baba yake, ile ndogo ya kipande kilichopita, iliyobaki pembeni ya kioo, mkono juu. Sikuona hasira usoni mwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimeshika mkasi wangu bila kujua. Alisimama. Alikuwa mrefu mno kwa chumba kile, kichwa chake kikagusa maua ya plastiki. Akavua kofia.

"Nimesikia, tata," akamjibu baba yake.