Mti wa Shorobo

Shule niliishia darasa la nne. Leo waliosoma wananiamkia mimi. Matrekta ninayo, ghala la korosho Nachingwea mjini ni langu, na hapa Ruangwa hakuna mkutano nisiokaa mbele. Kwa hiyo tulipoambiwa kichaka cha makaburi kitasafishwa kupisha mgodi, nilimwambia mama, "Usihangaike. Hamna mfu wetu atakayebaki."

Kaburi la baba nilionyesha mwenyewe, la babu pia. Likabaki la dada yangu, aliyefariki kabla hajapewa jina. Kwetu kichanga huzikwa na wanawake, mwanaume hasogei. Waliomzika wote wamekwisha kufa isipokuwa mama, na mama haoni tena.

"Ni chini ya mkuyu, baba," aliniambia. "Ule anaolilia shorobo. Siku ile alilia mpaka tukamaliza."

Mikuyu imejaa pale bondeni. Nikasema ndege ananishindaje mimi? Nikadamka, nikakaa kwenye umande. Nilimsikia kwanza, kro-kro-kro, sauti ya mzee anayekohoa. Ndipo nikamwona: kijani mwili mzima, kishungi kichwani, jicho limezungushiwa wekundu, anakimbia juu ya tawi kama kindi. Hakosewi yule. Siku ya pili nikamkuta mti uleule.

"Chimbeni hapa," nikawaambia vijana.

Walichimba mpaka kiunoni. Mizizi. Wakasogea upande wa pili, mizizi tena. Mara shorobo akaruka juu yetu, na mabawa yalipofunguka yalikuwa mekundu kama nyama mbichi. Akatua ng'ambo ya kijito, kwenye mkuyu mwingine.

"Bosi, shahidi wako amehama," mmoja akasema. "Tumfuate?"

Wenzake wakacheka. Siku nyingine angenitambua mimi ni nani. Siku ile nilikaa tu juu ya udongo.

Mama nilimweleza ukweli. Akauliza, "Huo mti aliohamia una matunda?"

"Umejaa."

"Basi anafuata matunda." Akajifuta uso kwa kanga. "Hata siku ile alifuata matunda. Mimi miaka yote nilidhani anamlilia mwanangu."

Tulichota udongo wa pale tulipochimba, tukaufunga kwenye sanda ndogo. Safari hii pia waliuzika wanawake, kwenye makaburi mapya, uwanja mtupu uliosawazishwa kwa greda. Trekta la mgodi liliingia kichakani wiki iliyofuata. Mikuyu yote ililala.

Nimechomeka kijiti cha mkuyu kwenye lile kaburi dogo. Nakimwagilia kwa boza langu mwenyewe la maji, na mwenye boza kata nzima ni mimi. Kimetoa majani, mbuzi wakayala, kikatoa tena. Mama nikimpeleka hushika kile kijiti, husikiliza.

"Amekuja?"

"Bado, mama."