Kompyuta ya Ndege na Kompyuta Yangu

Mwaka ule mama alipotakiwa kupanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, mimi nilikuwa mtaalamu wa kompyuta mjini Kitale. Utaalamu wenyewe niliupata kwa kozi ya miezi mitatu na ubishi wa kuzaliwa nao. Katika kibanda changu karibu na msikiti nilikuwa nimebandika karatasi kubwa: KOMPYUTA HAIKOSEI. Mteja akilalamika kwamba barua yake imechapwa vibaya, nilimwonyesha ukuta kwa kidole.

Dada yangu alikuwa ng'ambo, mjamzito. Mimba ya kwanza ilimharibikia akiwa peke yake hospitalini, na safari hii alimsihi mama aende akakae naye mpaka ajifungue. Tiketi ilishakatwa. Mama, aliyeishi nyumbani kwetu Malakisi, alikuwa ameshapokea mashauri ya kila mtu aliyewahi kuona ndege ikipita juu ya shamba la tumbaku.

Mwezi mmoja kabla ya safari, kanisa la nyumbani likanipa kazi ya kuingiza majina ya waumini kwenye kompyuta. Palikuwa na vitabu viwili vikuukuu, kimoja cha ubatizo na kingine cha mahudhurio. Nikatunga programu ya kuvilinganisha. Aliyebatizwa lakini hajaonekana kanisani kwa miaka kumi, programu ilimhesabu kuwa ametangulia mbele za haki. Nilijiona nimevumbua kitu.

Nilichosahau ni kwamba kwetu l na r ni ndugu wa tumbo moja, wanaazimana nguo. Karani wa ubatizo alimwandika mama kwa r, wa mahudhurio akamwandika kwa l. Kompyuta ikaona wanawake wawili. Wa l alikuwa muumini hodari, hakosi Jumapili. Wa r hakuwa amekanyaga kanisani tangu siku alipolowanishwa.

Nilibandika orodha zangu mlangoni mwa kanisa. Jumapili ya kuwakumbuka waliotutangulia, mchungaji akasoma ile ya marehemu. Katikati akalisoma jina la mama. Mama mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa pili, amefunga kitambaa kipya kichwani.

Kanisa zima likanigeukia. Hapo ningesema "nimekosea" na mambo yakaishia hapo. Badala yake nilikohoa nikasema tutaiangalia ile mashine. Lakini wengi walishafika kibandani kwangu Kitale na kusoma ukuta, kwa hiyo wakajumlisha wenyewe. Kompyuta haikosei. Kompyuta imesema. Basi imeona mbele.

"Si huyu mama anapanda ndege mwezi huu?" mmoja akanong'ona.

"Ai! Basi ndio hiyo."

Jioni mama akanitangazia kwamba haendi. "Mimi nimeshasomwa," akasema.

"Mama, hiyo ni kompyuta tu."

"Kwani ndege inaendeshwa na nini? Si wewe uliniambia ati siku hizi lubani anakaa tu, kompyuta ndio inafanya kazi?"

Kweli nilisema hivyo. Nilisema mengi miaka ile.

Mambo yakazidi kuharibika. Jirani yangu pale Kitale, mzee mmoja Mwislamu aliyetengeneza saa, akaniletea gazeti. Ndege kubwa ya abiria, ya aina ileile ambayo mama angepanda, ilikuwa imeinamisha pua yenyewe huko angani. Kifaa cha kupimia kiliipa kompyuta habari za uongo, na kompyuta ikaamini. Watu waliumia. Nikalikunja gazeti haraka.

"Mpelekee mama yako," mzee akasema.

"Mzee, si ataogopa zaidi?"

"Soma mpaka chini, kijana."

Chini iliandikwa kwamba waliounda ndege ile wamewaandikia wote wanaoirusha. Walieleza kosa ni lipi, rubani azime kitu gani akiliona, na kwamba programu inarekebishwa. Mzee akaninyang'anya hata nafasi ya kubisha. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, akarudi kwenye saa zake.

Nikateremka nyumbani Malakisi na gazeti langu. Mama alikuwa akichambua majani ya kunde. Nilimsomea yote, na hakushtuka hata kidogo.

"Nani aligundua?"

"Wenyewe walioitengeneza."

"Na wakasema mbele ya watu wote? Kweri?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile yako, baba. Ilikosea, ama ulikosea?"

Masikio yaliniwaka moto. Nikamwambia nilikosea mimi.

"Basi Jumapili uwaambie. Ukisema, naenda. Usiposema, dada yako atakuwa hospitalini peke yake tena, na wa kulaumiwa ni wewe."

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa. Nikaeleza habari ya l na r, nikasema kompyuta ilifuata ujinga wangu neno kwa neno. Nilingoja wanicheke. Badala ya kicheko, mzee mmoja nyuma akainua mkono.

"Mimi imeniandika mama," akasema.

Mwanamke mmoja akasema mtoto wake amebatizwa mara mbili, siku moja. Mwingine alikuwa ameandikwa mke wa kaka yake. Mikono ikazidi kuinuka.

"Mbona hamkuniambia?"

"Utaambiwaje, bana, na wewe ulisema haikosei?"

Niliona aibu ambayo sijaiona tena. Walikuwa wamesimama mbele ya ule mlango siku nyingi, kila mmoja na kosa lake, wakinyamaza kwa sababu yangu. Nikatoa daftari, nikaandika kila kosa mpaka jua likapita utosini.

Mama akaenda. Dada alijifungua salama, mama akiwa amemshika mkono, na nilipoambiwa kwa simu nililia kibandani mbele ya wateja.

Baadaye ndipo mama aliponisimulia mambo ya Nairobi, siku aliyopanda ndege. Walikuwa wameshafunga mikanda, rubani akatangaza kwamba kompyuta moja ina hitilafu, mafundi wanaishughulikia, wawe na subira. Abiria wakaguna. Kijana aliyeketi karibu naye akaanza kufungua mkanda ashuke. Mama akamvuta shati.

"Kaa chini," akamwambia. "Huyu lubani amesema. Mimi niko na kijana yangu alinyamaza, akanizika nikiwa mzima."