Maombi ya Kufunga Mkutano wa Uwanja

Kwetu mkutano hauanzi bila maombi na hauishi bila maombi. Iwe ni kikundi cha akina mama, iwe ni mazungumzo ya mahari, iwe ni wakulima wamejaa pale kituo cha kupimia majani chai wakinung'unika kwamba lori limechelewa tena, lazima mtu asimame, kofia zivuliwe, Mungu aitwe. Katika soko letu, kwa miaka mingi, mtu huyo alikuwa mimi. Sijisifu. Nina sauti, na sikuzaliwa na haya.

Sasa, maombi ya kufunga yana namna yake. Huombi unachotaka wewe. Unaombea kila aliyekuja, hata yule aliyekuudhi. Unamwombea safari yake ya kurudi, unaiombea kazi ya mikono yake, unaomba yale aliyoyasema yapate baraka. Ni adabu tu, jinsi unavyomsindikiza mgeni mpaka barabarani hata kama hukupenda alichokuja kukuambia. Huku kila mtu anajua hivyo. Mimi nilidhani dunia nzima inajua hivyo.

Nauza maziwa. Nauza mabichi, na nauza mursik, maziwa yetu yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Kibanda changu kiko katikati ya mji, mgongo kwa ile barabara ya kuelekea sokoni na uso kwa kiwanja cha zamani, ambacho mvua ikinyesha huwa dimbwi la bata. Kibanda kilichofuata kilikuwa cha mwanamke niliyemwita Mama Viazi, naye akaniita Mama Maziwa. Sokoni tunaitana kwa kile tunachouza, na hayo yanatosha.

Mama Viazi alikuja huku kutoka upande wa kati ya nchi, bado bibi arusi, mumewe akiwa na duka la kutengeneza baiskeli. Mume akafariki, duka likaenda na ndugu za mume, yeye akabaki na kibanda. Shamba hakuwa nalo, huku wala kule. Alipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga unga, na mtoto wake wa pekee alimzika hapa hapa, makaburi ya kanisa, chini ya ule ua wa mikaratusi.

Mdomo alikuwa nao. "Mama Maziwa, leo vibuyu vyako vinanuka moshi mpaka wateja wangu wanauliza soko linaungua wapi." Nami namjibu, "Na hivyo viazi vyako ni vya kupika ama ni vya watoto kuchezea?" Basi atacheka mpaka ashike tumbo, amwite Mungu kwa lugha ya kwao, "Ngai fafa, huyu mwanamke ataniua." Mama yangu alipolazwa hospitali ya Kaplong, ni yeye aliyeniuzia maziwa yangu wiki nzima, na hakumwaga hata kikombe.

Miaka ile mibaya, watu walipofukuzana kabila kwa kabila, aliondoka juu ya lori na gunia moja la nguo. Nilikipigilia kibanda chake misumari, na kila aliyekuja kukitolea macho nikamwambia ni changu, na akitaka ajaribu. Aliporudi alikikuta kama alivyokiacha. Alilia kidogo, akafungua, akapanga viazi. Hatukuzizungumzia tena siku hizo.

Ndipo ukaja uwanja. Tulianza kuusikia redioni, kisha watu wa mradi wakaja wenyewe, na gambuti mpya zisizo na tope, wakasimamisha mchoro mkubwa mbele ya kiwanja. Wacha wee! Uwanja wa kisasa wenye paa, taa, njia nyekundu ya kukimbilia. Kuuzunguka, maduka ya vioo, hoteli, bustani yenye watu wembamba wakitembea na mbwa. Katikati ya mji wote kungebadilika. Nilitafuta soko letu kwenye ule mchoro nikaliona mwishoni kabisa, ng'ambo ya mto, kisanduku kidogo cha rangi ya kijivu. Kule ni mteremko. Hapiti mtu kule isipokuwa anayetafuta ng'ombe aliyepotea.

Nitasema kweli, kwa sababu bila hili hutanielewa. Binti yangu wa mwisho anakimbia. Anafanyia mazoezi kando ya lami, malori ya majani chai yakimpita karibu kumgusa, na mara mbili amerudi nyumbani magoti yamechunika kwa kurukia mtaroni. Nilipouona ule mchoro moyo wangu ulipasuka pande mbili. Nilitaka kibanda changu, na nilitaka ile njia nyekundu.

Mkutano wa kutoa maoni ulifanyika pale pale kiwanjani, kwenye mahema, viti vya plastiki, soda na mkate. Mkubwa wa mradi alizungumza vizuri, huwezi kumlaumu kwa hilo. Walisimama wanaume wanne wakazungumza juu ya maendeleo. Kisha Mama Viazi akasimama. Aliushika mkoba wake kwa mikono miwili na akauliza swali moja tu: "Mimi nikitolewa pale, wateja wangu watanipata wapi? Na mimi miguu hii haipandi mlima." Mkubwa akaandika kitu, akasema litashughulikiwa. Mawingu yalikuwa yameshafunga upande wa msitu, mvua yetu ya saa tisa, watu wakaanza kusogeza viti. Mshereheshaji akaniita mbio mbio, "Mama, hebu utufungie kwa maombi kabla hatujalowa."

Nikasimama. Nikaomba nilivyozoea. Nikawaombea wageni barabara isiyo na ajali. Nikasema, "Baba, ibariki mipango hii iliyoletwa mbele yetu leo. Uwanja huu ukawe wa watoto wetu, na walioubeba mzigo huu uwatie nguvu." Hapo kwenye watoto sauti yangu ilipanda yenyewe, kwa sababu nilimwona binti yangu mtaroni. Watu wakasema amina kwa nguvu, mvua ikaanza, tukakimbia.

Baada ya wiki kadhaa ripoti ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu. Ilikuwa imeandikwa kwamba wafanyabiashara wa soko waliukubali mradi kwa sauti moja, na kwamba mmoja wao aliuombea baraka mbele ya wote, na wote wakaitikia. Swali la Mama Viazi halikuwemo. Maombi yangu yalikuwemo.

Nilikuwa nasugua kibuyu Mama Viazi alipotoka huko kusomewa ile karatasi. Alisimama mbele yangu, hakupita upande wake. Soko zima liliacha kazi.

"Mama Maziwa," akasema, "mimi nilisimama nikauliza nitaenda wapi. Wewe ukasimama ukamwambia Mungu abariki. Siku ile uliniombea nini mimi?"

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Nami, kwa kuwa nilijua jibu, nikawaka.

"Ulitaka niombeje? Nimlaani mgeni? Kwani wewe ulisema amina kwa mdomo wa nani?"

"Nilisema amina kwa sababu ni wewe uliyeomba."

Mpaka leo, nikikumbuka nilichosema baadaye, mwili unanisisimka. Nilikiweka kibuyu chini nikasema, "Basi usinisumbue. Mimi kibanda kikivunjwa nitarudi shambani kuchuna majani chai yangu. Na wewe una kwenu. Si urudi kwenu?"

Msomaji asiyetoka huku huenda asione kitu hapo. Kwenu ni neno dogo, tunalitumia kutwa, unamuuliza mtu kwenu hawajambo. Lakini huku, mtu kama mimi akimwambia mtu kama yeye arudi kwao, hilo ndilo neno lililokuwa likipigiwa kelele barabarani siku zile yeye alipopanda lori. Analijua yeye, ninalijua mimi, lilijulikana na kila aliyekuwa amesimama pale. Watu ambao ningewatolea macho zamani kwa kulisema, safari hii walilisikia kutoka kwangu.

Mama Viazi aliitikia kwa kichwa mara moja. "Haya," akasema. Akaenda upande wake, akaendelea kupanga viazi, vikubwa mbele.

Ilinipasa nimfuate dakika ile ile. Sikumfuata. Nilikuwa na kiburi, na nilikuwa na aibu, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja mtu hasogei. Tulikaa siku nyingi tukiuza bega kwa bega bila neno. Nikitoka kidogo, mteja wangu akija, bado aliniuzia, na aliacha pesa chini ya mfuniko. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Watu wa soko walipoanza kutafuta namna ya kupinga ile ripoti, wote walikuja kwangu. Mwanasheria aliyejitolea kuwasaidia alisema kitu kinachowafunga mikono ni yale maombi. Ilibidi mimi mwenyewe niseme mbele ya watu kwamba hayakuwa kukubali. Nikaenda kumuuliza mzee wetu wa kanisa. Alikoroga chai yake muda mrefu. "Mama," akasema, "mtu anafuta maandishi. Maombi utayafutaje? Utamwambia Mungu ulikuwa unatania?" Nilirudi nyumbani nikiwa mzito. Sikulala vizuri siku hizo. Nilikuwa tayari kuuambia mji mzima kwamba sikukubali. Kumwambia Mungu kwamba sikumaanisha, hapo ndipo niliposhindwa, kwa sababu kuna sehemu nilimaanisha.

Mkutano wa pili ulipotangazwa niliamua. Na niliamua vitu viwili, si kimoja. Nilijiambia nitasema juu ya soko, na nikishamaliza nitamwomba Mama Viazi msamaha pale pale, mbele ya wale wale walionisikia nikimwambia arudi kwao. Jambo lililotoka hadharani halirekebishwi chumbani. Siku mbili kabla ya mkutano kibanda chake hakikufunguliwa. Nilidhani ni miguu, baridi ya Julai huwa inamshika magotini. Nilimwekea lita moja ya mursik kando.

Mahema yale yale, soda zile zile. Mshereheshaji akaniona nikiingia, akafurahi. "Mama ameshafika, hebu simameni, tufunguliwe kwa maombi." Watu wakasimama. Kofia zikatoka. Nikatembea mpaka mbele nikawatazama.

"Leo siombi," nikasema.

Mama mmoja nyuma akasema, "Oi!" kama mtu aliyeungua. Kukataa kuomba ukiombwa, mtu mzima, mbele ya wageni, huku haijafanyika. Niliona mzee wa kanisa akiinamisha kichwa.

Niliwaambia kwamba mara ya kwanza niliwaombea wageni kwa adabu, na adabu yetu ikaandikwa kana kwamba tumetia saini. Nikasema uwanja nautaka, binti yangu anakimbilia kifo kila asubuhi kando ya lami. Lakini kutaka uwanja si kukubali mwanamke mzee asukumwe ng'ambo ya mto. "Aliuliza swali," nikasema. "Mlijibu? Mkilijibu, mimi nitaomba mpaka mchoke." Kisha nikasema, "Na mimi nilimkosea kuliko ninyi. Nilimwambia arudi kwao. Mama Viazi, kwenu ni hapa. Kama kuna mtu hataki, aanze na mimi." Nikamtafuta kwa macho kwenye viti, safu kwa safu.

Hakuwepo.

Sitakwambia kwamba nilishinda, lakini mkubwa wa mradi aliuchukua ule mchoro wake, na ukaja kusomwa uamuzi kwamba soko halitaguswa hadi lingine lijengwe pale pale mjini, watu wanapopita. Mpaka leo hakuna trekta lililokuja. Uwanja bado ni maneno, binti yangu bado yuko kando ya lami.

Siku ile ya mkutano nilitoka moja kwa moja kwenda nyuma ya mashine ya unga, na ile lita ya mursik mkononi. Mwenye nyumba alinionyesha mlango uliofungwa kwa kufuli lake yeye mwenyewe. Mama Viazi aliondoka juzi yake, akasema. Alilipa hadi mwisho wa mwezi. Alipita makaburini kwanza, kisha akapanda gari la asubuhi. Aliacha neno lolote? Hakuacha.

Ilichukua muda kupata nambari yake ya simu, maana ile ya zamani ilikuwa imezimwa. Nilimpigia nikiwa nimesimama katikati ya mistari ya majani chai, kapu mgongoni, kwa sababu nilijua nikisubiri nifike nyumbani nitaogopa. Nikamwambia yote. Nikamwambia soko limebaki. Nikamwambia nilisema mbele ya watu, na kibanda chake nimekipigilia misumari tena, hakuna wa kukigusa. Nikamwambia nisamehe, dada yangu, nisamehe, ulimi wangu ulinishinda.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Nyuma yake nilisikia watu wakiongea lugha ya kwao.

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Nilikujua una mdomo. Lakini ukishaambiwa na rafiki yako, huna tena wa kukuficha."

Nikamuuliza yuko wapi. Yuko kwa watoto wa kaka yake, wamempa chumba. Wanamtunza? Wanamtunza. Nikamuuliza, basi, mama, wamekupokea vizuri?



"Ni watu wazuri," akasema. "Kila siku wananiuliza nitarudi kwetu lini."