Kijiti cha Mama Shimoni

Kila nikiosha utumbo jikoni kwangu, kabla ndimu haijaikata ile harufu, narudi Msata, nyuma ya nyumba yetu, nikiwa na miaka tisa. Wanangu huziba pua. Mimi, niwaambieni ukweli, huivuta kwa raha.

Shamba letu lilikuwa limechoka. Udongo ulikuwa mweupe na mgumu, mvua ikinyesha maji yanapita juu juu na kwenda zake. Mihogo ilitoka myembamba, ukiimenya hakibaki kitu cha kupika. Baba alikwishasema kwamba msimu huo ukiharibika, shamba tunaliacha. Mama alichukua ndoo, akaenda machinjioni kuomba vinavyotupwa: damu, mavi ya matumboni, na vipande visivyolika. Wachinjaji walimcheka, lakini wakampa.

Mara ya kwanza alivimwaga vibichi kwenye mashina ya mahindi. Wiki haikuisha, majani yakaungua, na mbwa wa Msata nzima wakahamia kwetu. Haraka haraka haina baraka, mama alijisemea kabla hajasemwa na watu. Basi akachimba shimo, akapanga nyasi kavu, taka za machinjioni, majivu kidogo na udongo, akafunika kwa makuti. Katikati alichomeka kijiti kirefu. Kazi yangu, kila nikitoka chuoni kusoma Kurani, ilikuwa kukichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto, mbolea bado haijaiva. Kikiwa cha baridi, tumwite baba na toroli aisombe shambani.

Tabu ilikuwa majirani. Damu ni najisi, hilo hata mtoto anayeanza alifu kwa kijiti alilijua. Mama alimuuliza mwalimu wetu wa chuo, naye akasema mmea ulioota humo ni safi, uoshwe tu. Majirani walimwitikia mwalimu vizuri sana, na muhogo wetu hawakuugusa.

Ramadhani ikaingia. Mama akanituma na sahani ya muhogo wa nazi kwa Bi Mwanahawa, jirani yetu wa ubavuni. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nimshukuru mama, ila wao wamekwishapika. Kwetu sahani ya futari hairudi tupu. Ile yangu ilirudi na chakula kilekile, kawa halijafunuliwa. Nililia njia nzima, nikatamani kukimwaga kichakani niseme kimeliwa.

Mama alifunua, akatazama, kisha akakaa akakila yeye mwenyewe.

“Kesho utapeleka tena,” akasema.

Nikapeleka kesho, na kesho kutwa, na mwezi mzima, na kila siku sahani ikarudi vilevile. Nilimwona mama mkaidi, na mimi ndiye niliyebebeshwa ukaidi wake.

Mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema. Mashamba yote yakanyauka, letu likabaki na unyevu. Udongo ulikuwa mweusi, unafinyangika mkononi, na ukilima unakutana na nyungunyungu wanene. Baba aliacha kuzungumza habari za kuliacha shamba, akaanza kuwaonyesha wageni kana kwamba wazo lilikuwa lake. Nilijivuna hadi chuoni wakanichoka.

Asubuhi moja Bi Mwanahawa akaja. Alisimama kwenye tuta letu, akainama, akachota udongo kiganjani na kuunusa.

“Mama Zuhura,” akasema taratibu, “na mie nigawie ule uchafu wako.”

Nilingoja mama amkumbushe zile sahani. Nilizitamani sana hizo sentensi mbili tatu za kumsuta. Mama akanigeukia.

“Zuhura, mwonyeshe bibi yako kijiti kinavyoshikwa.”

Nikamshika mkono yule bibi, nikampeleka shimoni.

Nilikuwa mtu mzima tayari, nina majirani wangu wa kununiana nao, ndipo nilipoelewa. Mtu aliyekukataa hana uso wa kurudi kwako, mpaka wewe uwe umemwachia njia. Mama alijua udongo utachukua muda, na watu vilevile. Ile njia niliyoipita nikilia na sahani yangu, ndiyo aliyokuja nayo Bi Mwanahawa.