Eda ya Bi Mwanawema

Mjane hatoki nyumbani kwake mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Bi Mwanawema wa Wawi aliishika sheria hiyo hata pale sheria yenyewe ilipomruhusu kutoka.

Mumewe, Nyange, alifariki mwaka 1960, karafuu zingali zimeanikwa uani. Wiki ya tatu ya eda, damu iliyokuwa ikimtoka kidogo kidogo ilizidi. Daktari aliitwa, akampima, akasema lipo donda baya kwenye mlango wa kizazi. Dawa yake ni mashine ya miale, na mashine hiyo iko bara, visiwani haipo. Nafasi imepatikana, ila aondoke mwezi huu.

Shehe Hija alikuja mwenyewe, akasimama nje ya pazia. "Ugonjwa ni dharura, Bi Mwanawema. Nenda. Eda utaimalizia huko huko."

Hata hajafika kwake, mtaa ulishauliza: Shehe kapewa nini?

Jioni hiyo Kificho, nduguye marehemu, alikaa barazani akapaza sauti ili asikike ndani.

"Shemeji, eksirei hata hapa ipo. Hiyo ya bara inapiga picha gani?"

"Haipigi picha. Inachoma donda."

"Inachoma bila moto?" Akacheka. "Donda la tumboni, na mume kafa juzi! Wapo waliokwenda bara na mzigo wakarudi wepesi."

Kila mtu alielewa: ana mimba isiyo ya Nyange, anakwenda kuitoa.

Time, dada yake, alikuwa ameshafunga mkoba. "Hebu twende. Waache wabwabwaje."

"Nikitoka leo, dada, watasema ni kweli. Nikikaa, tumbo litawajibu."

Akakaa. Kila Ijumaa jirani yake Kijakazi alimletea uji, na kabla ya salamu macho yake yalitua tumboni. Sote tulimuuliza Kijakazi kaona nini. Tumbo halikukua.

Eda ilipokwisha alipanda gari la Mkoani kufuata meli. Bara walimpima, wakamwambia donda limeshafika kwenye kibofu na mifupa. Miale itamtuliza maumivu tu.

Kificho aliomba radhi kwenye maziko ya Bi Mwanawema, mbele ya watu. Wengi humsifu marehemu kwa subira. Dini haikumdai subira hiyo. Tuliomdai ni sisi.

Miezi mitatu na nusu ya kujisafishia jina ilimgharimu maisha yake. Alikuwa na miaka thelathini na minane.