Herufi Zangu Chini ya Rangi ya Bluu

Mke wangu alikuwa chini, povu mdomoni. Nikaliangusha pipa la maji kwa bega asije mtu mwingine akachota. Likabiringika hadi kwenye jiwe la kufulia, rangi yake ya bluu ikabanduka kipande kizima kama gamba. Chini yake ikatokea herufi. M. Nyekundu, nene, miguu yake imekanyaga vitako vya mraba kama imevaa viatu. Sikuhitaji kuona zilizobaki. Ile M niliichora mimi.

SUMU. Ndilo neno nililokuwa nimeandika.

Shule niliiacha darasa la nne, lakini herufi ndizo zilizonilisha. Mwaka mmoja kabla ya siku ile niliitwa Kibondo, kwenye ghala la dawa za kuulia wadudu wa kahawa na tumbaku, niandike mapipa. Nikakunjua debe, nikakata kiolezo. Herufi nyembamba haifai kwenye pipa, kutu ikila kidogo tu imekwisha. Kwa hiyo nilizinenepesha, na kila mguu nikaupa kitako kipana, hata ubavu ukichubuka umbo libaki. Mtu asiyejua kusoma vizuri aione toka getini ashtuke. Nilipaka rangi ya mafuta mara tatu.

Stoo kipa alisimama nyuma yangu, mikono mfukoni.

"Fundi, unaandika au unajenga?"

"Najenga, bosi."

"Punguza hayo maviatu, unamaliza rangi. Nani atasoma huku? Ng'ombe?"

"Hata ng'ombe nataka ashtuke, bosi."

Tukacheka. Yoo, nilicheka na mtu yule!

Pipa likiisha dawa lilitakiwa litobolewe na lifukiwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo. Na yeye mwenyewe akayatoa mapipa mazima kwa mlango wa nyuma, akampa shemeji yake, dalali wa gulio la Makere. Dalali ndiye aliyeyapaka bluu. Alikiri mbele ya mtendaji wa kijiji, bila hata kubanwa.

Mke wangu alirudi gulioni analibiringisha, jasho linamtoka, anacheka. "Baba watoto, safari hii mvua haitukimbii. Lilikuwa la mafuta ya kula, dalali kaniapia kwa Mungu." Alilisugua kwa majivu. Lilinuka rangi mpya, basi. Mvua ya kwanza ikalijaza. Mimi nilikunywa funda moja nikaitwa nje. Ndiyo maana niko hai naandika haya. Yeye alitoka shamba na kiu, akamaliza kata nzima.

Tulimweka kwenye machela, tukasimama barabarani kungoja gari la Kasulu. Lilipofika hatukuwa na mgonjwa tena.

Dalali bado ananadi. Stoo kipa alihamishwa tu, akapewa ghala jingine Kasulu. Wakubwa wa ghala wakaniambia ni bahati mbaya. Bahati mbaya haishiki brashi! Herufi nene kama zile hazifichiki kwa mkono mmoja wa rangi. Unapaka, unangoja ikauke, bado herufi inakutazama, unapaka tena. Muda wote huo unaisoma.

Sasa wewe stoo kipa, na wewe dalali, njooni mnijibu mbele ya watu: mlipokuwa mnalifunika neno lile, mlidhani maji ya pipa hilo atayanywa nani?