Mkwe Nje, Mlango Ufungwe

Nakumbuka asubuhi niliyopiga pasi suruali yangu ya harusi ili niivae kwenda hospitali. Mgonjwa hakuwa mimi. Alikuwa mama mkwe wangu, Mama Nabintu, aliyekuja Durban kutoka Uvira, Kongo, kumwangalia mke wangu aliyekuwa amejifungua wiki mbili tu kabla. Mimi nilikuwa naenda kutafsiri, na ujue, mwanangu, kijana anayejua Kiingereza katikati ya watu wasiokijua hujiona waziri.

Nakusimulia hili, Riziki, kwa sababu ya maneno uliyoniambia juzi. Kuanzia Jumamosi darasa ni lako. Wewe ndiye utakayewafundisha wanafunzi wa udaktari kuzungumza na wagonjwa wetu kwa Kiswahili. Nilifurahi. Halafu ukasema, "Papa, hawa watu hawana muda. Kila mgonjwa anakuja na mtoto wake mwenye kujua Kiingereza. Tuwafundishe salamu tu, ingine watoto watatafsiri." Sikukujibu, maana nilikasirika, na hasira ya mzee haifai kupitia kwenye simu. Sasa nimetulia. Kaa usikie.

Wakati ule tuliishi mtaa wa Berea, ghorofa ya tatu, nami nilikuwa nauza makava ya simu mjini. Jengo zima lilinijua. Mtu akiitwa shule, akiitwa ofisini, akiugua, hodi ilipigwa kwangu. Sikuwahi kukataa, wala sikuwahi kujiuliza kama nafaa.

Basi tukaingia kwa daktari, kijana mwenye macho ya usingizi. Akauliza maumivu yako wapi.

"Mwambie munganga ni tumbo tu, mukwe," alisema Mama Nabintu akitazama sakafu.

Wewe umekulia huku, huenda hujaliona hili kwa ukali wake. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali meza moja, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Ndipo daktari akaniambia nimwulize kama anatokwa na damu sehemu za siri.

Nimwulize hilo mama wa mke wangu? Nikamgeukia, nikamwuliza kama ana homa. Akasema hapana. Hapana ile ile nikaichukua, nikampa daktari. Akaandika. Tukapewa vidonge vya maumivu tukarudi nyumbani, na njia nzima nilijisifu moyoni kwamba nimelinda heshima ya ukweni.

Siku ya nne alianguka kwenye ngazi zetu.

Alikuwa akitokwa na damu miezi miwili, tangu Uvira. Alimficha hata binti yake, akiogopa wasiwasi usije ukamkausha maziwa. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na walikuwa wanamwonya mgonjwa. Hawakumfikiria mtu kama mimi, anayeficha maradhi ya mwenzake.

Safari hii alitupokea nesi mmoja mtu mzima, Mzulu, mwenye kijitabu kwenye mfuko wa sare yake. Humo alikuwa ameandika maneno aliyookota kwa wagonjwa wa Kikongo; hayakuzidi ishirini. Nilianza kujieleza kwa Kiingereza changu kizuri. Akanishika bega, akanitoa nje, akavuta pazia. Nikamsikia akiuliza polepole, "Mama, iko damu?"

Kisha nikamsikia mama mkwe analia, na baada ya kulia akasema maneno mengi, mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kinywani mwake tangu nimwoe binti yake.

Nesi alitoka na karatasi ya siku ile ya kwanza. "Eish, bhuti," aliniambia, akiniita kaka kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza, "hapa imeandikwa mliulizwa, na jibu likawa hapana. Nani alijibu?"

"Ni mimi."

"Yeye alikutuma?"

Hakunitukana. Alirudi ndani kwa mgonjwa wake akaniacha nimesimama na ile suruali yangu ya harusi niliyoivaa tena. Mwanangu, afadhali angenitukana.

Mama Nabintu aliongezwa damu, akapasuliwa, na kwa siku mbili hatukujua kama tutarudi naye nyumbani. Mke wangu alinyonyesha huku akilia. Siku ya tatu nikamwambia nilichofanya, na hakusema nami wiki nzima. Alikuwa na haki.

Mama Nabintu alipopona nilikwenda kuomba msamaha, nimeketi mlangoni kama mila inavyotaka, mke wangu katikati yetu. Mama akamwambia binti yake, "Mwambie mukwe asijichoshe. Hata angeniuliza, ningemudanganya."

Neno hilo ndilo lililozaa darasa unalolirithi. Nilikuwa nimeazimia kwamba siku nyingine nitakuwa jasiri, nitauliza kila kitu. Kumbe ujasiri wangu usingemfaa kitu. Dawa ilikuwa mimi nitoke, na daktari awe na maneno yake mwenyewe kinywani, hata yawe ishirini.

Miaka ikapita, nikakubaliwa kufundisha wanafunzi sita wa udaktari kwenye ukumbi wa kanisa. Mama Nabintu, tayari anatembea kwa fimbo, akasema atakuja awe mgonjwa wa kujifunzia. Akaketi mbele yao. Msichana mmoja akaanza, "Mama, iko maumivu fasi gani?" Nikadhani mama hakusikia, nikainama nimrudie swali la mahali panapouma. Akainua fimbo, akaielekeza mlangoni.

"Mukwe, toka kwanza. Na ufunge mulango."

Nilisimama koridoni karibu saa nzima. Nilisikia Kiswahili kinachochechemea, kicheko, kisha sauti ya mama kwa muda mrefu. Mpaka leo, naye amelala kaburini, sijui aliwaambia nini. Lakini wale sita walitoka wakiwa madaktari zaidi ya walivyoingia.

Kwa hiyo, mwanangu, usiwafundishe salamu ukaishia hapo. Wafundishe kuuliza habari ya damu, ya choo, ya mkojo, ya ndoa, bila kucheka na bila haraka. Na kabla ya hayo yote wafundishe kumtoa mtoto, mkwe na mume nje kwa upole. Wakisema hawana muda, waambie habari ya mama aliyepewa vidonge. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumjibia mtu aliye hai mbele yako. Na mila yetu usiione adui. Mila haikumwangusha yule mama ngazini, niliyemwangusha ni mimi niliyekaa mahali ambapo mila ilinikataza kukaa.

Mungu aliyempa yule nesi maneno ishirini akupe wewe mia, na kila mgonjwa atakayeyasikia arudi kwake kwa miguu yake. Jumamosi nitakuja kukufungulia ukumbi na kupanga viti. Kisha nitatoka, na mlango nitaufunga mwenyewe.